Fundo la Uzi wa Kijani

4 Februari

Shikamoo Baba mdogo,

Natumaini barua hii imekukuta mzima, na lile goti lako limekubali kukunjika. Sisi huku hatujambo, ila Bosi anaota meno. Bosi ni binti yangu, hamjaonana bado. Ana miezi tisa na nyumba yote iko chini yake: akilia tunasimama, akilala tunatembea kwa vidole. Ndiyo maana mwandiko wangu unakimbia. Amelala sasa hivi, na sijui nimepewa dakika kumi au nusu saa. Baba yake anapaka rangi jengo la ghorofa upande wa pili wa mji, anarudi jioni na madoa meupe mpaka kwenye kope.

Ningekupigia, lakini simu yako unaiacha ilie mpaka ichoke.

Mwaka umetimia tangu tumzike Baba. Nilikuona siku ile. Ulisimama karibu na geti, kofia mkononi, na nilipomaliza kusalimiana na watu nikageuka, hukuwepo. Sikuulizi. Nakuambia tu kwamba nilikuona.

Sasa shida yangu. Juzi nimemaliza kutoa vitu kwenye kabati lake. Chini kabisa, nyuma ya viatu, nimekuta mita ya kupimia umeme, ile ya zamani ya mshale, imefungwa kwenye kitambaa cha meza cha Mama. Nyeusi, nzito kama tofali, ina mkanda wa ngozi wa kubebea. Usoni ina jina la kile kiwanda mlichofanyia kazi.

Hapa mtaani kuna fundi saa, mzee mmoja anayekusanya vyombo vya zamani vya mafundi umeme. Ukuta wake mzima ni mita, huoni chokaa. Nilimwonyesha, akavua miwani, akaivaa, akaivua tena. Akasema, "Mama Bosi, kama hii ni ya mkupuo wa kwanza kutoka kiwandani, nakupa cherehani ya umeme, mpya, haijatoka kwenye boksi." Kama ni ya mikupuo ya baadaye, anazo tayari. Kutofautisha hajui vizuri.

Cherehani yangu inaruka mishono, Baba mdogo. Nashona sketi moja mara mbili. Wateja wanaanza kupita mbele ya mlango bila kugeuza shingo. Wewe ulikuwa mkaguzi pale miaka mingi, na hakuna mwingine wa kumuuliza. Nitajuaje ni ya mkupuo gani?

Ameamka.

Binti yako,
Mama Bosi

27 Februari

Marahaba mwanangu,

Barua yako nimeipata, na hongera ya Bosi. Mwambie ajifunze mapema kwamba wakubwa wa kazi hawapendwi. Goti halijambo. Jicho la kushoto ndilo limeanza kuweka ukungu, na hilo ni la kuchekesha, kwa sababu kiwandani waliniita Jicho. Hakuna mita iliyotoka pale bila kupita mezani kwangu, na hakuna fundi aliyenipenda.

Simu sishiki kwa sababu ikilia inadhani mimi ni mtumishi wake.

Nimefurahi kuulizwa, sikufichi. Nina miaka sijaulizwa jambo ninalolijua.

Mkupuo wa kwanza ulikuwa na mkanda wa ngozi, skrubu nne za shaba mgongoni, na usoni, chini ya mshale, ukanda mwembamba wa kioo. Kioo kile si cha kujipodolea. Unasogeza kichwa mpaka mshale ufunike sura yake yenyewe kwenye kioo, hapo ndipo unasoma. Ukisoma kwa upande utadanganyika. Nilikuwa nawaambia wale vijana wa majaribio: mshale ukiwa na pacha, wewe ndiye uliyekaa vibaya.

Mkupuo wa pili mabosi walibana matumizi. Mkanda ukawa wa plastiki, kioo wakakiondoa. Wateja wakanuna. Wa tatu ngozi ikarudi, na kioo kikarudi, ndiyo maana wakusanyaji wengi wanachukua wa tatu wakidhani wameshika wa kwanza. Usikubali kudanganywa na sura. Tazama namba iliyogongwa ubavuni. Wa kwanza una tarakimu peke yake. Wa tatu una herufi K mbele ya tarakimu.

Nipigie picha za nje unitumie. Nje tu. Usifungue mgongo. Vumbi likiingia mshale unakwama, na hapo hata cherehani ya mkono hutapewa.

Kuhusu siku ya maziko, nilikuwa na basi la kuwahi.

Baba yako mdogo

19 Machi

Shikamoo Baba mdogo,

Hatujambo. Meno mawili yametoka, ya chini, na yote mawili yamejaribiwa kwenye bega langu. Baba Bosi anakusalimu. Anasema akimaliza jengo lile atakuja kukupakia rangi nyumba yako bure, ili mradi usimkague.

Picha hizi nimezisafisha kwa mpiga picha wa stendi. Moja ya uso, moja ya mgongo, moja ya ubavu. Mkanda ni wa ngozi. Kioo kipo, na nimefanya ulivyosema, nikasogeza kichwa mpaka pacha akapotea. Bosi alidhani nacheza naye, akaanza kusogeza kichwa chake na yeye. Tulikaa hivyo kitambo, mama na mtoto, tunaiyumbia mita.

Mgongoni kuna skrubu tatu za shaba na moja ya chuma. Ina maana Baba aliifungua, akapoteza moja, akabandika aliyoipata. Sasa mimi nauliza: kama yeye aliifungua na mshale haukukwama, mimi kwa nini nisifungue? Fundi saa naye anasema kilicho ndani hakidanganyi. Amekuja mara mbili wiki hii. Mara ya pili alisema amepita tu, na duka lake liko upande mwingine kabisa.

Tena jambo dogo. Baba aliniambia Mama naye aliwahi kufanya kazi pale kiwandani, "siku chache." Kila nikimuuliza kazi gani, alikuwa anapata kitu cha kufanya uani. Wewe utakuwa unakumbuka.

Binti yako,
Mama Bosi

30 Aprili

Mwanangu,

Samahani kwa kuchelewa. Jicho lilinisumbua, kisha kalamu ikaisha, kisha mbuzi wa jirani akala mboga zangu zote na tukawa na kesi. Mbuzi ameshinda.

Picha nimezitazama. Mita yako ni ya mkupuo wa kwanza. Chukua neno langu, mwambie fundi saa kwamba mkaguzi mwenyewe kasema. Mpe, uchukue cherehani yako, ushone. Usihangaike kufungua wala kuuliza zaidi. Vitu vya zamani vinakula muda wa watu wenye watoto.

Mbusu Bosi.

Baba yako mdogo

12 Mei

Baba mdogo, shikamoo.

Umenidanganya.

Nakuandikia polepole, Bosi yuko mgongoni, ana homa kidogo, na mimi sijalala vizuri siku nne, kwa hiyo maneno yakitoka makavu uyavumilie. Nilikuwa tayari kwenda. Nimeshaifunga kwenye kitambaa chake, nimevaa viatu. Nikasema ngoja nisome tena barua yako ya Februari, ili nikamweleze fundi saa vizuri, nisionekane mbumbumbu. Mkupuo wa kwanza una tarakimu peke yake. Nikafungua kitambaa. Ubavuni imegongwa K 0417. Na ubavu nilikupigia picha.

Mtu aliyeitwa Jicho hakuiona herufi K?

Nilivua viatu nikatafuta bisibisi.

Vumbi halikuingia. Kuna safu ya koili, vijiti vidogo vimezungushiwa waya mwembamba kama unywele, na mwisho wa kila koili waya umefungwa kwa uzi usifunguke. Uzi wa kijani. Nikainama nione ulivyofungwa, na hapo nilikaa chini sakafuni, mtoto mgongoni, kwa sababu fundo lile nalijua. Uzi unazunguka mara tatu, ncha inarudi chini ya mzunguko wa kwanza, inavutwa kuelekea kwako, inakatwa karibu sana mpaka huioni. Nilifundishwa nikiwa na miaka saba, nimesimama kati ya magoti ya Mama mbele ya cherehani. "Vuta kuelekea kwako, si kuelekea nje. Ukivuta nje litakusaliti." Kila pindo ninaloshona nalimalizia hivyo. Sijawahi kuona mtu mwingine analifunga.

Zile koili zimefungwa na mama yangu.

Nilimpoteza nikiwa na miaka kumi na mmoja, Baba mdogo. Nina picha yake moja na kitambaa cha meza. Na wewe uliniambia nikatoe hii kwa mtu, haraka, bila kuifungua.

Namkumbuka alivyokuwa akimaliza nguo ya mteja. Alikuwa anaipeleka dirishani, anaitazama kwenye mwanga, anarudi nayo, anakaa, anasimama, anaipeleka tena. Wateja walimcheka. Sikujua alikuwa anaogopa nini.

Sikuombi samahani yako. Naomba uniambie Mama alifanyiwa nini pale kiwandani. Wewe ni baba yangu aliyebaki, sina mwingine wa kumkasirikia.

Mama Bosi

20 Juni

Mwanangu,

Bosi amepona? Nijibu hilo kwanza utakapoandika.

Nimeandika barua hii mara nne. Hii ya tano naituma hata ikiwa mbaya.

Mama yako hakufanya kazi siku chache. Alifanya miaka sita, chumba cha koili, meza ya dirishani, wanawake kumi na wawili na redio moja. Kila mmoja alipewa rangi yake ya uzi, ili koili ikiharibika ijulikane ni ya nani. Yeye alikuwa kijani. Alikuwa akiimba chini chini na wenzake wakimwambia anyamaze, akinyamaza wanamwambia aimbe. Kaka yangu, yaani baba yako, alikuwa upande wa kuunganisha. Alikuwa anapita chumba cha koili kufuata solda ya kuunganishia waya ambayo hakuihitaji. Alikuwa na solda ya kutosha kujenga daraja. Mimi ndiye niliyemwambia, oa basi, utatumalizia ghala.

Mkupuo wa tatu ulipotoka, zikaanza kurudi. Mita arobaini. Mishale ilikuwa inatangatanga, leo inasoma hivi, kesho vile, kwa sababu koili zilikuwa zimelegea ndani. Nilizifungua moja moja mezani kwangu. Zote uzi wa kijani. Nikaandika kwenye daftari la ukaguzi kama nilivyoandika siku zote, bila kupepesa. Nilijiona mwaminifu, mwanangu, kwa kuwa niliandika la shemeji yangu kama ningeandika la mtu baki.

Walimwita saa nne asubuhi. Alikuja mezani kwangu na mkasi bado mkononi, akazitazama zile koili, akasema, "Shemeji, hizi si zangu." Nikamwambia, "Uzi ni wako, shemeji." Alisema tena, si zangu, tazama ninavyofunga. Nikamwonyesha rangi. Akafukuzwa siku hiyo hiyo, akaondoka na mkasi ule ule.

Baba yako alikuja kwangu jioni. Hakupiga kelele. Alisema, "Umesoma rangi. Hukusoma mkono." Kesho yake aliacha kazi. Miaka thelathini na moja hatukusemeshana mpaka mlipomzika, na siku hiyo nilisimama getini kwa sababu miguu ilikataa kwenda mbele. Hakukuwa na basi.

Mita yako ni ya mkupuo ule ule wa tatu. Nadhani aliichukua makusudi. Mimi pia ninayo moja, mojawapo ya zile arobaini. Iko juu ya kabati langu tangu kiwanda kilipofungwa. Sijaifungua tena. Nilipoona K kwenye picha yako nilitaka tu iende mbali na wewe.

Nakuomba kitu kimoja. Nunua betri mpya ya tochi, upime. Weka jicho sawasawa, pacha apotee. Niambie mshale unasimama wapi.

Baba yako mdogo

2 Julai

Shikamoo Baba mdogo,

Bosi amepona. Ameanza kusimama kwa kushika ukingo wa meza, ana uso wa mtu aliyekuja kukagua.

Barua yako niliisoma nimekaa kwenye ngazi za nyuma, ili nisionekane. Nimekasirika, sikufichi. Kisha nikacheka ya solda, kisha nikakasirika kwamba nimecheka. Baba hakunisimulia hata moja ya hayo. Sikujua Mama alikuwa akiimba. Nyumbani hakuimba.

Nimepima. Betri mpya, pacha amepotea. Mshale ulipanda ukasimama kwenye moja na nusu, pale pale, haukutikisika. Nikaondoa, nikarudia. Nikangoja siku tatu, nikarudia. Nikaenda kwa fundi saa nikapima betri ile ile kwa mita yake mpya ya tarakimu. Sawa sawa. Miaka thelathini na miwili, Baba mdogo, na fundo halijalegea hata unywele mmoja.

Sasa ni zamu yako. Shusha ile mita yako uifungue. Usiangalie rangi. Ndani ya bahasha hii nimekuwekea kipande cha kitambaa, na juu yake nimefunga fundo la Mama mara tatu: moja nimeliacha wazi uone njia ya uzi, la pili nusu, la tatu nimelikaza na kulikata. Weka kipande hiki pembeni ya koili zako. Kama jicho halioni, tafuta mtu mwenye macho, lakini uwepo wewe mwenyewe.

Alikuambia utazame alivyofunga. Tazama.

Binti yako,
Mama Bosi

5 Agosti

Mwanangu,

Ile mita ilikaa mezani siku tisa kabla sijagusa bisibisi. Siku ya kumi nilivaa shati langu la kazi, sijui kwa nini, nikaketi dirishani asubuhi na lenzi yangu ya zamani. Jicho la kulia bado linafanya kazi.

Uzi ni wa kijani. Fundo ni la kawaida, lile la kufungia mfuko wa sukari. Mizunguko miwili, ncha imeachwa nje inaning'inia, imevutwa kuelekea nje. Koili nane, zote hivyo hivyo. Zote zimelegea. Niliweka kitambaa chako pembeni. Hata mtu aliyeanza kazi jana angeona.

Na nilipoona hivyo nikakumbuka jambo ambalo nilikuwa nalijua tangu siku ile. Mwanzo wa mkupuo wa tatu walileta wasichana wapya wanne. Uzi wao mweupe wa wanafunzi ulikwisha ghalani. Mtunza ghala akawapa uliokuwepo, wa kijani. Nilimwona akiwagawia. Nilikuwa nimesimama pale pale, nangoja kusaini.

Kiwanda sasa ni ghala la saruji. Nilikwenda wiki iliyopita, mlinzi akaniuliza nimepoteza nini. Hakuna daftari la kusahihisha. Nimechukua karatasi nzuri nikaandika kama tulivyokuwa tukiandika, nakuwekea ndani ya bahasha. Ni wewe peke yako wa kuipokea.

Baba yako mdogo

(Karatasi iliyoambatana)

Sahihisho la ukaguzi. Mkupuo wa tatu, mita arobaini zilizorudishwa. Koili zenye kasoro hazikufungwa na mfungaji wa uzi wa kijani wa meza ya dirishani. Kazi ya mfungaji huyo imepimwa upya mwezi Juni mwaka huu na ni sahihi. Kosa ni la mkaguzi. Amesaini: Jicho.

23 Agosti

Shikamoo Baba mdogo,

Bosi ametembea. Hatua nne kutoka kwenye kiti mpaka kwenye kapu la vitambaa, akaanguka ndani, akapiga makofi mwenyewe.

Karatasi yako nimeisoma kwa sauti mbele ya picha ya Mama. Nilijiona mjinga kidogo, lakini hakuwepo mtu ila Bosi, na yeye hasimulii. Sikuambii kwamba yamekwisha. Nikiiona cherehani bado nakasirika, kisha inapita. Siku nyingine inachelewa kupita.

Fundi saa nimemwambia kweli, ni mkupuo wa tatu, na hata ingekuwa wa kwanza haitoki. Akauliza nimejuaje. Nikamsimulia kioo, skrubu, herufi K, rangi za uzi, chumba cha koili. Aliandika yote kwenye daftari lake, akaenda ukutani kwake kuzikagua upya mita zake. Mbili alizoziita za kwanza ni za tatu. Kesho yake akaja na mafuta na vifaa vyake vidogo vya saa, akashinda mchana mzima kwenye cherehani yangu ya zamani. Hairuki tena. Hakutaka chochote, ila anauliza kama Jicho mwenyewe anaweza siku moja kuja kuutazama ukuta wake.

Na mimi nauliza hivyo hivyo.

Mita sitakutumia kwa posta uitazame. Iko kwenye rafu juu ya cherehani, mahali Bosi hafiki. Karatasi yako nimeikunja nikaiweka ndani, mgongoni, karibu na koili za Mama, nikafunga. Shida ni moja. Ile skrubu ya chuma iliyowekwa na Baba imeanza kushika kutu, na kila nikiinua macho kutoka kwenye kushona naiona.

Wewe lazima unayo ya shaba mahali fulani, watu kama ninyi hamtupi kitu. Usiitume. Ilete.

Binti yako,
Mama Bosi